Saa 1 ya Buguruni: barua ya wazi kwa wanaosimamia hewa ya Dar es Salaam

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), na Wakurugenzi wa Halmashauri za Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: PROGRAMU YA KUKADIRIA UCHAFUZI WA HEWA ISINUNULIWE IKIWA IMESHONWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha kuhesabu magari. Taasisi iliyotuchukua, ambayo sitaitaja, ilikuwa imenunua programu ya kompyuta ya kukadiria moshi na vumbi la jiji, na programu hiyo ilitaka kujua magari mangapi yanapita wapi na saa ngapi. Nikapangiwa Buguruni, pale Barabara ya Uhuru inapokutana na ya Mandela. Unapewa kiti cha plastiki, ubao wa kuandikia, peni ya bluu na karatasi yenye safu: daladala, lori, gari dogo, bajaji, bodaboda. Unachora vijiti vinne, cha tano unavikata mshazari. Saa ikiisha unashuka mstari. Na kwa kuwa sote tulikuwa Waswahili, mstari wa kwanza tuliuandika saa 1, wa pili saa 2, tukaenda hivyo hadi saa 12 jioni.

Karatasi zetu zilichapwa, zikatumwa kwa muuzaji nje ya nchi, akazipika ndani ya programu yake, na programu ikarudi. Siku ya kuonyesha matokeo tuliitwa hata sisi wahesabuji. Ramani ilipendeza, ina rangi kama kanga ambayo haijafuliwa. Ilionyesha kwamba saa saba usiku Buguruni inafuka kuliko sehemu yoyote ya mji, na kwamba baada ya adhuhuri barabara ni tupu na hewa ni safi. Wakubwa waliitazama, wakatikisa vichwa. Mtaalamu mmoja akaeleza kwamba huenda ni malori ya bandarini, maana yanapenda kutembea usiku. Sote tukaona ana hoja. Aliyetuokoa ni dada aliyekuwa akitugawia chai, mkazi wa Buguruni Malapa. Aliiangalia ramani kidogo, akasema, "Saa saba usiku kwetu pale kuna mlinzi na mbwa wake. Sasa huo moshi wanavuta nini?"

Saa 1 yetu mashine iliisoma kuwa saa moja baada ya usiku wa manane. Tulitofautiana nayo kwa saa sita, na kosa ni letu pia, sikatai; fomu ingetuambia tuandike kwa mtindo gani, nasi tungeuliza. Ila kosa lile halikuhamisha moshi tu, liliukuza. Usiku hewa ya chini hutulia. Ardhi ikishapoa, tabaka la hewa linalochanganyika huwa fupi, na moshi unaotolewa humo hubanwa karibu na ardhi kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Moshi ule ule ukitolewa saa nane mchana, jua likiwa limeichemsha hewa, hupanda juu na kutawanyika. Kwa hiyo magari halali ya asubuhi yalipelekwa kwenye saa ambayo yangeonekana mabaya kupita kiasi, na ndiyo maana Buguruni ikawa nyekundu vile.

Dawa yake ilikuwa kuongeza sita. Mstari mmoja kwenye jedwali. Lakini jedwali lile halikuwa faili ambalo mtu angelifungua na kulirekebisha. Lilikuwa limeshonwa ndani ya programu pamoja na hesabu za upepo, kemia, mpaka uchoraji wa ramani, kitu kimoja kilichofungwa kama godoro. Kuligusa ilibidi muuzaji aijenge upya programu nzima huko kwao. Ikaja ankara kwa dola, na ratiba ya wiki kadhaa. Mkataba wangu uliisha kabla saa 1 haijafika asubuhi.

Baadaye nikawa mwandishi wa programu, na nadhani kisa kile kina mkono wake hapo. Ninawaandikia kwa sababu iko siku mtakaa mezani kuandaa hadidu za rejea za mfumo wa kukadiria hewa ya jiji hili, ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728. Nina ombi moja tu: mnunue vipande vinavyofunguka.

Kwa wale ambao kazi yenu ni sheria au fedha, naeleza kidogo mashine ya aina hii inafanya nini. (Nilitaka kuiita kikokotoo, lakini neno hilo wameshalichukua wastaafu na bado lina moto.) Inaigawa hewa iliyo juu ya mji kuwa visanduku, vimepangwa ubavu kwa ubavu na kimoja juu ya kingine. Kila kisanduku kina hesabu ya kilichomo: chembechembe, oksidi za naitrojeni, dioksidi ya salfa, ozoni na vingine vingi. Kisha saa ya kompyuta inasogea dakika chache, na visanduku vinapita mikononi mwa mafundi kadhaa. Fundi wa kwanza anamwaga moshi mpya wa dakika hizo: wa daladala, wa jiko la mkaa, wa taka zinazochomwa uani. Wa pili ni upepo, anasukuma kilichomo kwenda kisanduku cha jirani. Wa tatu anakoroga juu na chini. Wa nne ni mkemia, na huyu ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote, maana yapo mambo ambayo hayatoki kwenye bomba la moshi la gari lolote. Ozoni ya chini, kwa mfano, hupikwa angani, jua likizichoma oksidi za naitrojeni zikiwa pamoja na mivuke ya mafuta na rangi. Wa mwisho anaondoa: mvua ya masika inaosha, na chembe nyingine zinatua zenyewe juu ya majani na mabati. Duru ikiisha, inaanza tena, maelfu ya mara, hadi siku ya kesho ikamilike.

Katika hali halisi hao mafundi wote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Kwenye kompyuta wanapangwa foleni, mmoja akimaliza anampokeza mwenzake. Hapo panaingia kosa dogo la hesabu, lakini panapatikana kitu cha thamani: fundi mmoja anaweza kufukuzwa kazi bila wengine kujua.

Mfano mzuri ni CMAQ, programu ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA. Ilitolewa mara ya kwanza 1998, imeandikwa kwa Fortran, lugha ambayo kampuni ya IBM iliitoa 1957, na vijana ninaofanya nao kazi huicheka kama baiskeli ya babu. Bado inatumika. Inatumika kwa sababu vilivyomo ndani vimekuwa vikibadilishwa kimoja kimoja: kemia iliyoitwa CB4 ilipisha CB05, nayo ikapisha CB6, na jirani zake hawakuvunjiwa nyumba. Upepo na joto haizalishi yenyewe; vinaletwa na programu nyingine iitwayo WRF. Moshi unaandaliwa na nyingine, SMOKE. Zinapokezana mafaili ya muundo wa netCDF, uliotengenezwa na Unidata kule Colorado, ulio wazi kwa kila mtu, na ambao ndani yake namba inaweza kubeba jina lake na kipimo chake. Zote hizi ni bure. Mtu wa Sinza mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua leo jioni. Kuziendesha ni habari nyingine, na nitafika huko.

Ninayoipenda zaidi ni nyingine, GEOS-Chem, iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Harvard. Wenyewe waliitoa kazi ya moshi wakaifanya programu ya peke yake, HEMCO. Humo jedwali la moshi la dunia nzima linalala chini kama mkeka, na jedwali la nchi moja linatandikwa juu yake. Pale lilipofika la nchi, la dunia linanyamaza. Kufanya hivyo unahariri faili la maandishi ya kawaida. Hugusi msimbo wa programu, humpigii mtu simu. Nikikumbuka ile ankara ya dola, na sasa naangalia faili la HEMCO, huwa nacheka peke yangu.

Neno "moduli" litakuwa kwenye vipeperushi vya kila mzabuni, kwa hiyo nieleze ninachokitaka. Kuikata programu vipande mtu yeyote anaweza; hata ile yetu, naamini, ilikuwa na mafaili mia ndani yake. Suala ni unakata wapi. Mwaka 1972 mtaalamu wa programu David Parnas aliandika kwamba tabia ya kukata programu kwa kufuata hatua za kazi, kwanza hiki kisha kile, ina hasara. Akashauri uanze kwa kujiuliza ni uamuzi gani unaelekea kubadilika, kisha kila uamuzi wa namna hiyo uufungie kwenye chumba chake, ili siku ukibadilika vyumba vingine visisikie kelele. Kwa hiyo swali letu ni la Dar es Salaam hasa: kwetu hapa nini kitabadilika?

Upepo utabadilika, na simaanishi kusi na kaskazi peke yake. Namaanisha mahali tunapozipata data za upepo. Mtaanza na data za dunia, hamna budi. ERA5, data za hali ya hewa ya miaka iliyopita kutoka kituo cha Ulaya cha ECMWF, zina visanduku vya takriban kilomita 31 kila upande. Makadirio ya dunia ya hewa chafu ya CAMS, huduma nyingine ya Ulaya, yana visanduku vya takriban kilomita 40. Sasa mkoa wetu wote una kilomita za mraba 1,393. Zidisha 40 kwa 40, unapata 1,600. Kisanduku kimoja kinaumeza mkoa, Kivukoni na Pugu, Kunduchi na Chamazi, na kuutolea namba moja. Nusu ya kisanduku hicho inaweza kuwa bahari. Hakijui kwamba mchana upepo wa baharini unaingia na kuupeleka moshi wa mjini bara, kuelekea Kimara na Gongo la Mboto, wala kwamba usiku umande, yaani upepo wa kutoka bara, unakuja na kuurudisha. Mvuvi wa Feri anajua hayo bila kompyuta. Kwa hiyo iko siku TMA, wenye vituo na wenye jukumu hilo kisheria, watakuwa tayari kuleta upepo wa visanduku vidogo, vya kilomita moja au mbili. Siku hiyo nafasi ya upepo kwenye programu iwe inasubiri, kama soketi ukutani.

Moshi nao utabadilika, tena huu ndio mwingi wa kuhangaika. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mwaka huo huo treni ya umeme ikaanza safari kutoka Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa yameshaanza 2016. Kila moja ya hayo linahamisha moshi kutoka mahali fulani, na kila moja litazaa swali bungeni: Mheshimiwa, familia za Manzese zikiacha mkaa, hewa yao itakuwaje? Programu hizi zimezaliwa kujibu swali la namna hiyo. Unaiendesha kwa moshi wa leo, unalitoa jedwali la mkaa, unaweka la gesi, unaiendesha tena, unatoa hesabu moja kwa nyingine. Inawezekana tu kama jedwali linatoka. Kama limeshonwa, kila swali la mbunge ni ankara.

Na majedwali ya kigeni hayatutoshi. Yaliyotungwa kwa magari ya Ulaya hayaijui Coaster iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi Japani kabla ya kupanda meli kuja kupandisha watu mlima wa Kimara. Hayajui vumbi la barabara ya mtaani mwezi Septemba, wala moshi wa taka za jioni nyuma ya nyumba. Hayo yatapimwa na watu wa hapa, polepole, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi, mmoja akileta mkaa, mwingine bodaboda. Kila namba yao inahitaji mahali pa kuingilia.

Vifaa vya kupimia pia. Programu bila vipimo ni hadithi, ndiyo maana dada wa chai alitushinda sote: yeye alikuwa kipimo. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, walitengeneza vifaa vyao vya bei nafuu vya kupima chembechembe wakavitundika Kampala, vingine hata juu ya bodaboda. Vifaa vya namna hiyo hupiga mwanga wa leza kwenye hewa na kuangalia unavyotawanyika. Hapa kwetu pwani vina ugonjwa wao. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, chembe hunywa maji zikavimba, na kifaa kinadhani uchafu umeongezeka. Ongeza chumvi ya bahari, ambayo nayo hupenda maji. Kwa hiyo namba ya kifaa lazima isahihishwe, na usahihishaji wenyewe utaboreshwa mwaka hadi mwaka kadiri tunavyojifunza. Naomba sehemu hiyo ikae peke yake, na namba mbichi ihifadhiwe daima kama ilivyotoka kwenye kifaa. Nimeona mfumo, siyo wa hewa, uliohifadhi namba zilizokwisha kusahihishwa tu. Walipogundua kanuni ya usahihishaji ilikuwa na kosa, miaka mitatu ya vipimo ilikuwa imeshaondoka. Huwezi kuurudisha ugali kuwa unga.

Hata rangi za ramani hazikai. Hadi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa mwaka wa PM2.5, zile chembechembe ndogo kabisa zinazofika ndani ya mapafu, usizidi mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo. Mwaka huo likashusha hadi 5. Hewa haikubadilika siku hiyo, lakini mtaa wenye 8 ulitoka upande wa kijani ukaingia upande mwingine. Kanuni zetu wenyewe za viwango vya ubora wa hewa ni za 2007 na bila shaka nazo zitaguswa. Mtu wa NEMC aweze kubadilisha namba hiyo kwenye faili la mipangilio, akanywe maji, arudi aione ramani mpya.

Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alisema kwamba taasisi ikibuni mfumo, mfumo utafanana na jinsi watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Mara nyingi hunukuliwa kama kejeli. Kwetu mimi naiona kama bahati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imewapa NEMC kazi yao. Hali ya hewa ni ya TMA. Dampo la Pugu na taka za mitaani ni za halmashauri. Wagonjwa wa kifua wako kwenye takwimu za afya. Tumezoea kulalamika kwamba ofisi hazizungumzi. Basi zisilazimishwe kuishi chumba kimoja. Kila ofisi imiliki kipande ambacho sheria tayari imeipa, ikitunze, ikijibie, na mlango kati yao, yaani namna ya kupokezana data, uandikwe vizuri.

Wala hamuhitaji kwenda Marekani kujifunza hilo. Kontroli namba ilitengenezwa hapa hapa Serikalini. Taasisi moja ina mfumo wake wa ankara, nyingine wake, benki zao, mitandao ya simu yao. Hakuna aliyeambiwa atupe mfumo wake. Mlikubaliana tu namba inaonekanaje na inapita wapi, na leo bibi yangu kijijini analipia kiwanja kwa simu ya kitochi. Nataka kontroli namba ya moshi, basi.

Sasa gharama zake, maana zipo. Mlango mbaya ni hatari kuliko kukosa mlango. Septemba 1999 chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni na nyingine ikazipokea zikidhaniwa ni za nyutoni. Vipande vilikuwa viwili, kila kimoja kizuri kwao. Mapatano ya kipimo yaliandikwa, lakini hayakufuatwa wala kukaguliwa pale vinapokutana. Saa 1 ya Buguruni ni ndugu wa kosa hilo. Kwa hiyo hati ya milango iseme kila kitu: gramu au kilo, kwa sekunde au kwa mwaka, chembe za upana gani, na saa ya nani. Hilo la saa liandikwe kwa herufi kubwa. Nchi yetu ina saa ya Kiswahili, ina saa ya Afrika Mashariki, na programu nyingi za hewa zinatumia saa ya dunia iliyo saa tatu nyuma yetu. Na programu yenyewe ikatae faili lisilotaja kipimo chake, badala ya kukisia kwa adabu.

Gharama ya pili ni ya kisayansi. Chembechembe zinapunguza mwanga wa jua, mwanga ukipungua joto linabadilika, joto likibadilika upepo unabadilika. Ukitenganisha kabisa hali ya hewa na kemia, mnyororo huo unakatika. Ndiyo maana ipo WRF-Chem, inayoendesha vyote kwa pamoja. Kwa jiji linaloanza, sioni kama hapo ndipo pa kuanzia. Lakini mtaalamu akija kubishana nami juu ya hili nitamsikiliza, kwa sababu ana hoja.

Ya tatu ni watu. Kuendesha CMAQ kunataka seva za maana na vijana wanaojua wanachofanya, na kijana akishajua anachofanya mtu mwingine anamchukua. Sisemi mchukue CMAQ. Kwa bomba moja la moshi la kiwanda cha Chang'ombe, AERMOD, programu nyingine ya hao hao EPA, inatosha na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Anzeni padogo, hata kwa wilaya moja. Programu ya vipande inaruhusu kuanza padogo. Ile iliyoshonwa mnainunua nzima au mnaiacha.

Najua pia itakavyokuwa chumbani. Mzabuni atakuja na tai, atafungua slaidi yenye visanduku vyenye mishale kati yake, na atasema mfumo wake ni wa moduli. Msibishane naye. Wekeni kwenye mkataba kwamba msimbo, hati za milango na data zote ni mali ya Serikali. Halafu wekeni sharti moja la mwisho, kwamba awamu ya mwisho ya malipo haitoki hadi jaribio lifanyike, na jaribio lenyewe liko hivi.

Mkandarasi anatoka nje, anakaa kwenye benchi, anapewa soda. Ndani anabaki kijana wa taasisi ambaye hakushiriki kuijenga programu, ana hati tu. Anapewa faili la upepo kutoka chanzo kingine, aliweke, programu iendeshwe. Kisha anapewa karatasi yangu ya Buguruni. Nakala ninayo, imekunjika pembeni na ina alama ya kikombe, lakini vijiti vinasomeka vyote. Aviingize mwenyewe kwenye jedwali la magari, na saa 1 aifanye saa moja asubuhi. Kama kazi itakuwa imekwisha kabla ya chai ya saa nne, mwiteni mkandarasi mumsainie. Kama haijaisha, soda yake ya pili atalipia mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhesabu magari wa zamani, sasa mwandishi wa programu,
Tabata, Dar es Salaam